Fundi wa Saiti Anajibu: Waachie Wasomaji Wachague Rangi, Lakini Usiwawekee Nane

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja, rangi za saiti na nani anafaa kuzichagua, mwenye saiti ama anayesoma. Nimeziweka pamoja juu jibu la moja linasaidia nyingine.

Habari yako fundi. Niko Umoja na nina saiti ya hadithi fupi za Kiswahili, naweka mpya kila wiki. Wengi wanasoma usiku wakiwa kitandani na wakaniambia ule weupe unawaumiza macho, nikabadilisha yote ikawa nyeusi. Kufika kesho yake wengine wakaanza kulalamika ati mchana hawaoni kitu. Sasa ndugu yangu ambaye ni dizaina anasema niweke themu nane kila mtu achague yake, ya kahawa, ya bahari, ya pinki na kadhalika, na atanichorea bure. Nikubali ama ni kujisumbua?
*Mama Hadithi, Umoja*

Mama Hadithi, wa usiku wako sawa na wa mchana pia wako sawa, ndio maana rangi moja haitawahi kuwatosha wote. Mtu amesimama stage saa saba mchana, jua linapiga skrini, anahitaji karatasi nyeupe na wino mweusi, ukimpa nyeusi pale simu inageuka kioo anajiona uso wake tu. Huyo huyo saa nne usiku, taa zimezimwa na mtoto amelala kando yake, ule weupe unamulika chumba kizima. Ni mtu mmoja na simu moja. Kwa hivyo wape uchaguzi, hapo sina shaka hata kidogo.

Lakini kabla hujafikiria hata batani moja, jua kwamba wengi wao washachagua tayari. Tangu 2019, Android 10 na iOS 13 zilipotoka, simu ina mahali pa kuwasha giza kwenye settingi, na mwaka huo huo Safari, Firefox na Chrome zote zikaanza kuambia saiti mwenye simu anataka nini. Kwa CSS, ile lugha ya kupanga sura na rangi za ukurasa, unauliza kwa mstari mmoja, `@media (prefers-color-scheme: dark)`, na kama jibu ni ndio unampa rangi za giza bila yeye kugusa chochote. Saiti nyingi sana hapa kwetu bado hazisikilizi hilo na inaniuma, juu mtu amesema anachotaka mara moja kwa simu yake na sisi tunamlazimisha aseme tena kila mlango anaoingia.

Na hii si fikra mpya. Håkon Wium Lie, yule Mnorwe aliyependekeza CSS akiwa CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, mwezi wa 10 mwaka 1994, aliandika toka mwanzo kwamba sura ya ukurasa iwe makubaliano ya pande mbili, anayeandika na anayesoma. HTML 4, toleo la 1997 la lugha inayojenga kurasa, ikaweka njia ya ukurasa mmoja kuwa na sura kadhaa msomaji achague, na Firefox ya kompyuta bado ina menyu ya kuchagua hizo sura mpaka leo. Chrome haikuwahi kuiweka, na kwa sababu watu wengi wako Chrome tukazoea kwamba mwenye saiti ndiye anaamua kila kitu.

Sasa, baada ya kusikiliza simu, weka machaguo matatu tu: Fuata simu, Mwanga, Giza. Kuna mtu simu yake iko giza siku nzima lakini hadithi ndefu anataka kusomea kwa nyeupe, huyo lazima umpe njia. Weka juu ya ukurasa ama kwa menyu, na uandike maneno, usiweke kapicha ka mwezi peke yake ukidhani kila mtu anajua kanafanya nini. Ile ya "Fuata simu" usiiache nje, juu bila hio mtu akishabonyeza Giza mara moja hana njia ya kurudi kwa hali ya kawaida, amefungiwa.

Themu nane hapana, na si kwamba namdharau ndugu yako. Themu moja si rangi mbili tu, ni rangi ya maandishi, ya kiungo, ya kiungo ambacho mtu ashafungua, ya batani, ya batani ikibonyezwa, ya kosa kwenye fomu, ya mpaka wa picha, ya logo. Zidisha kwa nane na kila ukiongeza kitu kimoja kipya kwenye saiti unarudi kukikagua mara nane, na najua hutafanya hivo, hakuna anayefanya, kwa hivyo tano kati ya hizo zitaoza kimyakimya na kuna msomaji atakuwa amekwama ndani yake. Chukua mfano wa kiungo. Ile bluu kamili, `#0000ff`, ukiiweka kwa nyeupe inasomeka vizuri kabisa, tofauti ya mwangaza ni 8.59 kwa 1. Iweke hio hio kwa nyeusi inaanguka mpaka 2.44 kwa 1, na kipimo kinachokubalika na WCAG, ule mwongozo wa kimataifa wa kufanya saiti zitumike na kila mtu hata wenye ulemavu, kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Yaani viungo vyote vya saiti yako vimezama gizani na wewe hukujua, juu ulibadilisha tu rangi ya nyuma. Nadhani hata hao waliolalamika siku ulipogeuza yote nyeusi, wengine shida yao ilikuwa hapa, si jua peke yake.

Kwa hivyo mambo yaende hivi. Rangi zipe majina ya kazi zake, si majina ya rangi:

`:root { --karatasi: #ffffff; --wino: #222222; --kiungo: #0645ad; }`

`[data-themu="giza"] { --karatasi: #121212; --wino: #e0e0e0; --kiungo: #8ab4f8; }`

Hio `data-themu` ni alama inayosema msomaji amechagua themu gani. Halafu kila mahali kwingine kwenye CSS unasema `var(--wino)` na `var(--karatasi)`, huandiki namba ya rangi tena. Siku ukitaka giza iwe nyepesi kidogo unagusa sehemu moja na saiti yote inafuata. Ungeipa jina `--nyeupe` halafu kwa giza `--nyeupe` iwe nyeusi, baada ya miezi mitatu hata wewe mwenyewe hutaelewa unasoma nini.

Utaona sikuweka nyeusi tititi na nyeupe pepe kwa giza. Nyeupe kamili juu ya nyeusi kamili, kwa watu wengi wenye astigmatizimu, ile kasoro ya umbo la jicho inayofanya vitu vionekane na ukungu, herufi zinaonekana kama zina ukungu wa mwanga pembeni, wanachoka haraka. Kijivu cheusi na maandishi yaliyopunguzwa makali kidogo yanasomeka kwa muda mrefu, na wewe unaandika hadithi, watu wako wanakaa na ukurasa mmoja.

Usiweke kila themu kwenye faili lake la CSS. Zile sura za ziada ukiziweka kwa njia ya zamani ya faili tofauti, brauza inazishusha zote hata kama msomaji anatumia moja, na anayelipa hio deta ni yeye. Kwa variable, yale majina kama `--wino`, themu nzima ni mistari michache tu. Na kuna wasomaji wa brauza ya Opera Mini ikiwa kwenye hali ya kubana deta sana, ile haielewi variable za CSS, kwa hivyo kabla ya `color: var(--wino)` tanguliza `color: #222222` ya kawaida, na rangi ya nyuma pia vivyo hivyo, asiyeelewa ya pili atatumia ya kwanza na hadithi ataisoma.

Ndugu yako mpe kazi hii: akuchoree themu ya tatu moja ya rangi ya karatasi nzee, ile ya manjano hafifu na maandishi ya kahawia iliyokolea. Wasomaji wa hadithi ndefu wengi wanaipenda, na kwa sababu iko moja ataifanya vizuri na mtaweza kuitunza.

Fundi niaje, mimi ni mwanafunzi, niko Rongai. Nimeweka giza na mwanga kwa saiti yangu na inafanya kazi, lakini kila nikifungua ukurasa mwingine inawaka nyeupe kwanza kama sekunde nusu ndio inageuka nyeusi. Usiku hiyo kitu inachoma macho kuliko hata kama ingebaki nyeupe. Nimehifadhi chaguo kwa localStorage, ile stoo ndogo ya brauza. Nimekosea wapi?
*Kijana wa Rongai*

Kijana, hujakosea mahali pa kuhifadhi, umekosea wakati wa kusoma. Bila shaka skripti yako iko chini kabisa ya ukurasa ama ndani ya faili kubwa la JavaScript, si ndio tulifundishwa tuweke skripti mwisho ili ukurasa uwahi kufunguka? Sasa brauza inapokea HTML, inaona CSS, inachora ukurasa kwa rangi za kawaida ambazo ni nyeupe, halafu ndio faili lako linafika, linasoma localStorage, linakumbuka kumbe huyu mtu alitaka giza. Kwa mtandao wa haraka huoni sana, lakini mtu akiwa ndani ya matatu na netiwaki inaruka ile nusu sekunde inakuwa mbili.

Hii ni moja kati ya skripti chache sana zinazofaa kukaa juu na kufanya mengine yasubiri. Iweke ndani ya `<head>` yenyewe, si faili la nje, kabla ya CSS:

`<script>try { var t = localStorage.getItem('themu'); if (t) document.documentElement.dataset.themu = t } catch (e) {}</script>`

Ni mstari mmoja, hauchelewishi chochote mtu anaweza kuhisi. Hiyo `try` usiitoe, juu kuna brauza zimezuiwa kuhifadhi na ukizigusa zinatupa kosa. Upande wa CSS sema hivi: rangi za giza zitumike kama `data-themu` ni giza, na pia kama simu inapenda giza na msomaji hajasema mwanga, yaani ndani ya ile `@media (prefers-color-scheme: dark)` unaandika `:root:not([data-themu="mwanga"])`. Mtu akichagua Fuata simu unafuta tu kilichohifadhiwa na unatoa `data-themu`, simu inashika usukani tena.

Kitu kingine ambacho nina uhakika hujaweka, juu wengi hatuweki: `color-scheme: dark` kwenye themu ya giza na `color-scheme: light` kwenye ile nyingine. Bila hio, vitu ambavyo brauza inachora yenyewe, sanduku za fomu, skrolbaa, kalenda ya kuchagua tarehe, vinabaki vyeupe katikati ya ukurasa mweusi. Fungua fomu yako ya kujisajili ukiwa kwa giza uangalie.

Wengine watakuambia utumie kuki, ule ujumbe mdogo brauza inautuma kwa sava kila ukifungua ukurasa, badala ya localStorage ili sava itume rangi sahihi toka mwanzo. Inafanya kazi pia, na mwako unaisha kabisa bila skripti ya kuusoma. Ila kama kurasa zako zinahifadhiwa kwenye kachi ya katikati, yaani nakala moja inayogawiwa wasomaji wengi, uwe makini sana, unaweza kumpa mtu wa mwanga ukurasa ambao ulitengenezewa mtu wa giza. Kwa saiti ya mwanafunzi baki na localStorage.

Fundi, mama yangu ana mtoto wa jicho, bado tunasubiri upasuaji. Anapenda sana kusoma matangazo ya kanisa kwa simu na mimi ndiye ninasimamia hiyo saiti. Nikimwekea hizi themu zitamsaidia ama ni urembo tu?
*Ndugu wa Kayole*

Ndugu yangu, poleni, na Mungu awafikishe salama kwa huo upasuaji. Zitamsaidia, na barua yako ndio imenifurahisha kuliko zote juu hapa ndio tunaona kwa nini jambo hili si urembo. Mtu mwenye mtoto wa jicho, mwanga mwingi ukiingia unatawanyika ndani ya jicho, kwa hivyo ukurasa mweupe unamwangaza na maneno yanafifia. Wengi wa hali yake wanasoma vizuri zaidi maandishi ya mwanga juu ya giza. Nasema wengi, si wote, kwa hivyo usimchagulie, kaa naye umwonyeshe zote mbili mchana na usiku, aseme mwenyewe.

Halafu angalia vile vijivu. Kuna tabia ya madizaina kuandika tarehe na maelezo madogo kwa kijivu hafifu ili ukurasa uonekane safi. `#777777` juu ya nyeupe ni 4.48 kwa 1, inakosa kipimo cha 4.5 kwa nywele. `#767676` inapita. Wewe macho yako ni mazima huoni tofauti yoyote kati ya hizo mbili, na mimi ningekuambia kwa saiti ambayo wazee wanaisoma usikae hapo mpakani, nenda mpaka 7 kwa 1 ambayo ndio kiwango cha juu cha WCAG. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, nafasi iko tele. Kwenye kompyuta, Chrome na Firefox zote mbili zina vifaa vya madevelopa vinavyokuonyesha hio namba, unabonyeza tu rangi.

Ukubwa wa herufi ni muhimu kama rangi, wala siutenganishi na themu. Pima herufi kwa `rem` ili mama akiongeza maandishi kwenye settingi za brauza yake saiti imtii. Na angalia kwenye `<head>` kama kuna mahali pameandikwa `user-scalable=no`, toa hata leo, hio inawaambia simu zisimruhusu mtu kuvuta ukurasa kwa vidole ukue. Sijawahi kuona sababu nzuri ya kuiweka kwenye saiti ya kusoma.

Kama matangazo yenu yanatumia nyekundu kwa ibada iliyoahirishwa na kijani kwa inayoendelea, ongeza na neno, "imeahirishwa", juu wapo ambao hizo rangi mbili wanaziona sawa, na kwa themu ya giza hata sisi wengine tunaanza kuzichanganya. Na batani ya kubadilisha themu iwe `<button>` halisi yenye jina, ili anayetumia TalkBack, ile programu ya Android inayosoma skrini kwa sauti, asikie "Themu ya giza" na si "batani" tu. Katiba yetu ya Kenya ya 2010 kifungu cha 54 inasema watu wenye ulemavu wana haki ya kufikia habari, na tangazo la kanisa ni habari kama nyingine.

Ni kweli giza inaokoa chaji?
*Msomaji, Githurai*

Inategemea skrini. Kama simu yako ni ya OLED, kila nukta inatoa mwanga wake, nyeusi ni nukta iliyozimwa, kwa hivyo ndio. Kama ni LCD, ambazo simu nyingi za bei ya chini bado ziko nazo, taa ya nyuma inawaka vile vile hata ukurasa ukiwa mweusi, faida ni kama hakuna. Na hata kwa OLED usitarajie miujiza: Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani kilipima mwaka 2021 kikapata kwamba mwangaza ukiwa kwa asilimia 30 mpaka 50, vile watu hutumia ndani ya nyumba, giza inaokoa asilimia 3 mpaka 9 tu. Ni ukiweka mwangaza mpaka mwisho ndio inafika asilimia 39 mpaka 47. Kupunguza mwangaza wenyewe ndio njia rahisi.

Kuhifadhi chaguo la themu ya mtu, si hiyo ni data yake? Sheria ya 2019 haitanishika?
*Mwenye duka la mtandaoni, South B*

Dada, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu habari zinazoweza kumtambulisha mtu. Neno "giza" likikaa kwenye simu yake mwenyewe, lisitumwe kwa sava yako na lisiungwe na jina wala namba, hujakusanya kitu kumhusu. Mambo yanabadilika ukilihifadhi kwenye akaunti yake pamoja na imeili na namba ya M-Pesa, hapo limekuwa sehemu ya rekodi zake na litajwe kwenye sera yako ya faragha kama hayo mengine. Kwa duka ningekushauri uache kwa simu. Ubaya wake ni kwamba akibadilisha simu atachagua tena, na hiyo ni kubonyeza mara moja.

Nina saiba hapa Kawangware. Watu wanakuja kuprinti kurasa za saiti fulani ya fomu, zinatoka maandishi hafifu hata hayasomeki, wanasema printa yangu ni mbovu. Printa ni mpya.
*Mwenye saiba*

Printa yako iko sawa ndugu. Brauza kwa kawaida haiprinti rangi za nyuma ili kuokoa wino, kwa hivyo ukurasa wa giza, ule weusi unaachwa na yale maandishi ya kijivu cheupe yanabaki peke yake juu ya karatasi nyeupe. Wenye saiti ndio wanafaa kurekebisha, kwa kuandika ndani ya `@media print` kwamba wino uwe mweusi na karatasi nyeupe hata kama msomaji alichagua giza, na nyinyi wote mlioniandikia hapo juu muongeze hio. Lakini wewe usiwasubiri. Kabla ya kuprinti geuza saiti iwe Mwanga kama ina hio batani, na kama haina weka kompyuta yenyewe kwa hali ya mwanga kwenye settingi, halafu fungua ukurasa upya. Angalia kwanza kwenye kidirisha cha onyesho la printa kabla hujabonyeza, mteja asilipie karatasi tupu.